Goti limegoma, niingie kwenye utangazaji wa mpira? Jibu langu refu kidogo

Kwa waliochelewa kuingia kwenye uzi: mleta mada amecheza Championship ya hapa kwetu (ligi iliyo chini ya Ligi Kuu) misimu minne, beki wa kulia, ana miaka 27. Goti limepasuliwa mara mbili na daktari kamwambia mpira wa ushindani basi. Washikaji wanamwambia ana sauti na anajua kuongea, aende redioni au kwenye TV akawe mchambuzi. Anauliza kama huko kuna maisha, na kama ni lazima arudi darasani.

Wengi mmemjibu "jaribu tu mkuu, mbona fulani kaweza." Sawa. Mimi kazi hii nimeianza 2009 kwenye redio ndogo Tanga, sasa niko Dar upande wa televisheni, nyuma ya kamera zaidi kuliko mbele. Mpira sikuucheza popote zaidi ya timu ya shule, na nilikuwa wa benchi. Ila nimekaa bega kwa bega na wachezaji wastaafu wengi, nimeona waliodumu na waliopotea kabla msimu haujaisha. Ngoja niseme ninachokijua.

Mdogo wangu, sauti iweke pembeni kwanza. Kila anayekuja kuomba nafasi ana sauti nzuri, na kila mmoja kaambiwa hivyo na shangazi yake. Unachotakiwa kujiuliza ni kazi ipi unayoitaka, maana watu wanazichanganya. Mtangazaji ndiye anayeubeba mpira kwa maneno kuanzia filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Mchambuzi anakaa pembeni yake na kuingia pale tu anapokuwa na kitu. Hizi ni fani mbili, na mchezaji mstaafu karibu mara zote anaajiriwa kwa hiyo ya pili.

Pale uwanja wa Mkwakwani, Tanga, wakati tunaanza hatukuwa na kibanda chochote. Tulikaa kwenye benchi la mbao jukwaa kuu, na mitambo yetu ilikuwa simu mbili za mkononi zenye laini za mitandao tofauti, ili mmoja ukizingua tuhamie kwa mwingine. Salio likikata katikati ya kona, Tanga nzima inasubiri. Kwa timu ngeni ilibidi nifike masaa mawili kabla ya mechi niwatazame wakipasha misuli, nikariri miguu: huyu ana viatu vyekundu, huyu anatembea kama kabeba ndoo. Mvua ikinyesha namba za mgongoni hazisomeki, na huwezi kumwambia msikilizaji "mmoja wao kapiga shuti."

Redioni wewe ndiye macho. Yule mzee aliyeko Muheza kwenye machungwa yake haoni kitu, ndiyo maana tulirithi kwa wakongwe wa Radio Tanzania ile kauli ya "wanashambulia kutoka kushoto kwenda kulia kwa redio yako." Watu wanaicheka leo, lakini ni akili kubwa sana: sentensi moja na tayari msikilizaji ana uwanja kichwani. Ukinyamaza sekunde tano anaanza kugonga redio akidhani betri zimeisha. Kwa hiyo nilijifunza kutonyamaza, na kutonyamaza huko ndiko kulikoniponza baadaye.

Msimu wa 2015/16 Tanga tulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo. Zikashuka zote tatu kwa mpigo. Mashabiki walilia, na mimi nililia kwa sababu yangu. Hakuna aliyenifukuza kazi, ila mechi za kutangaza hazikuwepo tena, na mwenye redio hakuona sababu ya kulipia salio ili watu wasikie daraja la kwanza, ligi ya chini zilikoshukia. Coastal ilirudi msimu wa 2018/19, mimi nilishaondoka zamani.

Nikaja Dar, nikapata nafasi ya kufanya majaribio kwenye televisheni. Wakaniwekea mechi kwenye monita, nikapewa dakika kumi. Nikamwaga vyote nilivyokuwa navyo: kipa anaudaka, anaudundisha, anamtazama beki wake, anaupiga mrefu, unapaa, unatua dimba la kati. Yule mtayarishaji akazima mashine dakika ya nne. Akaniuliza, "Kaka, unadhani mtazamaji wangu ni kipofu? Kipa nimemuona kaudaka. Niambie nisichokiona."

Nilikasirika siku ile. Leo maneno yale ndiyo ninayomwambia kila mchezaji anayekuja, na wewe nakuambia, kwa sababu hapo ndipo bidhaa yako ilipo. Umecheza beki wa kulia miaka minne. Unajua winga anapoinamisha bega la kushoto anataka kwenda wapi. Unajua kelele gani anapiga kipa mwoga. Mimi nimetazama maelfu ya mechi na hayo siyajui kama unavyoyajua wewe.

Sasa sikiliza kisa hiki. Kuna mechi moja nilikaa na beki mstaafu, simtaji, alichezea timu kubwa na Taifa Stars. Dakika ya sitini na kitu akaziba maiki kwa kiganja, akaninong'oneza: "Mtazame beki wao wa kushoto anavyorudi. Anaburuza mguu, msuli wa paja umemshika. Kocha wa huku akiliona hilo, mechi imeisha." Mimi nilikuwa sijaona lolote. Dakika nane baadaye winga akapita palepale kama anapita mlangoni kwao, krosi, kichwa, bao. Nikamgeukia hewani nimpe nafasi aseme. Akasema, "Bao zuri, krosi nzuri, mfungaji kajipanga vizuri."

Baada ya mechi nikamuuliza kwa nini hakuyasema yale. Akanijibu, "Yule dogo tumetoka naye mtaa mmoja. Nikimsema, nyumbani nitaonekana mbaya."

Mkataba wake haukuongezwa. Waliokuwa wanamsikiliza nyumbani hawakuwahi kujua kwamba alikuwa anaona kuliko wote pale juu. Walisikia "krosi nzuri" misimu miwili, wakachoka. Wastaafu wengi niliowaona wakipotea hawakupotea kwa kukosa Kiswahili wala sauti. Walipotea kwa kuwaonea aibu waliocheza nao, makocha waliowalea na viongozi waliowahi kuwalipia hospitali. Heshima ya namna hiyo ni nzuri mtaani. Kwenye maiki inakufanya useme vitu ambavyo hata mwenye bodaboda aliyesimama nje ya uwanja anavijua.

Na kwetu hapa kuna mzigo mwingine ambao haukwepeki: Simba na Yanga. Ukiwa ulichezea moja, ukaisifia nyingine, umenunuliwa. Ukiisifia yako, wewe ni shabiki tu umepewa maiki. Ukiwa hukuchezea yoyote watakutafutia picha ya utotoni umevaa jezi. Nimeona wachambuzi wanaojaribu kujiokoa kwa kugawa sifa nusu kwa nusu kama mirathi, huku dakika moja na huku dakika moja. Watazamaji wanalinusa hilo haraka sana. Sema ulichokiona, utukanwe, kesho urudi kazini.

Angalia Alan Hansen, beki wa zamani wa Liverpool aliyegeuka mchambuzi. Agosti 1995 Manchester United wamepigwa 3-1 na Aston Villa, yeye kwenye BBC akasema huwezi kubeba kombe na watoto. Mei 1996 watoto walewale wakabeba ligi na Kombe la FA. Wamemcheka mpaka leo kwa sentensi hiyo. Lakini kiti chake alikikalia mpaka 2014. Gary Neville naye, beki wa Manchester United, alistaafu 2011 akaenda televisheni ya Sky ya Uingereza, mashabiki wa Liverpool hawamtaki hata kumsikia, akawa anaongea bila kumung'unya maneno. Desemba 2015 akachukua Valencia ya Hispania kama kocha, Machi 2016 wakamtimua. Akarudi kwenye uchambuzi na watu wakaendelea kumsikiliza. Kukosea hewani hakujawahi kumwondoa mtu kwenye kazi hii kama watu wanavyodhani.

Kuongea ovyo kunamwondoa, hilo ndiyo. Andy Gray, mshambuliaji mstaafu, alikaa Sky karibu miaka ishirini, ndiye aliyewazoesha Waingereza kuchorewa mishale kwenye skrini. Januari 2011 akafukuzwa baada ya kuvuja maneno yake ya dharau kwa wanawake, akiwemo mwamuzi msaidizi, maneno aliyoyasema akidhani hayuko hewani. Akaenda redioni talkSPORT, na baadaye akahamia Doha. Kwa hiyo maiki ikishabandikwa kifuani, ihesabu kuwa iko hewani hata kama taa imezimwa na mpo mnakunywa chai.

Umeuliza habari ya darasa. Nenda. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi awe na sifa za kitaaluma, na stashahada ndicho kiwango ambacho kila mwenye chombo anakiulizia siku hizi. Wewe una miaka 27, miaka miwili ya chuo haikuui. Alex Scott, yule beki wa kulia wa Arsenal na Uingereza (ndiyo, namba yako), alisoma shahada ya utangazaji wa michezo wakati bado anacheza. Alipotundika daluga 2018 hakuanza kutafuta njia, alikuwa ameshaijua. Hata Gary Lineker, pamoja na mabao yake 10 ya Kombe la Dunia, alistaafu 1994 na kiti cha Match of the Day, kipindi cha mpira cha BBC, akakipata 1999. Miaka mitano alikuwa anajifunza kazi kwenye redio na vipindi vidogo. Akakaa pale mpaka 2025.

Kuna kitu kimoja chuo hakitakufundisha vizuri, nacho ni sikio. Unaongea na taifa huku mwongozaji anakuambia kwenye hedifoni "marudio yanakuja, sekunde kumi, tano, nne." Mara ya kwanza kila mtu anamjibu! Nimemsikia mstaafu mmoja hewani kabisa akisema "haya bosi" katikati ya sentensi kuhusu mfumo wa 4-3-3. Hilo halina siri, ni kuzoea.

Pesa nitaipita haraka maana haina maneno mengi. Tanga nilikuwa napewa elfu kumi kwa mechi na soda. Dar wengi wanaanza kwa kujitolea, kisha wanalipwa kwa mechi, na wenye mkataba wa mwezi ni wachache. Usifunge biashara yoyote uliyonayo sasa. Na jua kwamba ajira yako itafuata haki za matangazo ziliko. Kenya, kituo cha SuperSport walipojitoa kwenye ligi yao 2017, watangazaji, wapiga picha, waliokuwa wanavuta nyaya, wote walikumbwa. Sisi tuna nafuu kwa sasa kwa sababu Azam walisaini na TFF, shirikisho la mpira, 2021 mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Hiyo ndiyo inayofanya mechi ya Jumatano mchana kule mikoani iwe na kamera na iwe na mtu wa kuiongelea. Mechi hizo ndizo za kwako. Usianze kuota dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga.

Mbele ya safari kazi hii inaweza kukupeleka mbali kuliko unavyofikiri. Amri Kiemba mnamsikia, alitoka kiungo cha Simba na Taifa Stars. Ally Mayay, nahodha wa zamani wa Yanga, alitoka kwenye uchambuzi akawa Mkurugenzi wa Maendeleo ya Michezo wizarani. Kwa upande wa watangazaji wenyewe, marehemu Charles Hilary alianzia kwenye mpira wa Radio Tanzania, akapita Radio One, Ujerumani, BBC London, Azam, akamalizia Ikulu ya Zanzibar mpaka mauti yalipomkuta Mei 2025. Ukimsikiliza kwenye rekodi za zamani utashangaa jinsi alivyokuwa hana haraka.

Sasa fanya hivi. Jumamosi hii chagua mechi ya timu mbili usizozipenda wala kuzichukia. Zima sauti ya TV. Rekodi kwa simu, kipindi cha pili tu, na usiongee mpaka uwe na kitu ambacho mtu wa sebuleni kwako hajakiona. Ukikaa kimya dakika sita, kaa. Halafu chagua dakika tatu unazoziamini unitumie PM (ujumbe wa faragha). Usiweke muziki nyuma, na usinitajie timu uliyowahi kuchezea. Kama kuna beki wa kushoto anaburuza mguu, mtaje jina.