Barua kwa Mwanangu: Figo ya Kumpa Ndugu Yako

Mwanangu Mwanaesha,

Assalamu alaikum. Umeniuliza kama nitakuwa radhi ukimpa ndugu yako Shee figo moja, na kama dini inaruhusu. La dini ni jepesi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1988, liliruhusu aliye hai kumpa mgonjwa kiungo, madhali uhai wa mtoaji haukitegemei na kiungo chenyewe hakiuzwi. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 nayo inakataza biashara hiyo. Linalonishughulisha mimi ni jingine: vidonda vikishapona, wewe na Shee mtaishije?

Unamkumbuka marehemu Ami yako Bwanaadi. Kabla hujazaliwa, nilipougua tumbo nikapelekwa Mombasa kupasuliwa, ndiye aliyeuza minazi yake ya Matondoni ili gharama zilipwe. Nilipona. Tangu hapo haikupita arusi wala Maulidi asininyoshee bakora mbele za watu na kusema, "Huyu mnayemwona anatembea, anatembea kwa minazi yangu." Watu walicheka, nami nikacheka nao. Hata siku ya arusi yako aliyasema hayo mbele ya wakwe zako. Ukanitazama, nami nikajifanya natafuta kofia yangu, ilhali ilikuwa kichwani. Minazi ile, mwanangu, niliilipa zaidi ya bei yake.

Ndiyo maana hunisikia nikisema kwamba kitu ulichokitoa kisha ukakifuata, hukukitoa. Surat al-Baqara imetukataza kuziharibu sadaka zetu kwa masimango na udhia. Tena minazi ni afadhali, kwa kuwa aliyepewa akijaliwa hununua mingine akarudisha. Figo atairudisha vipi? Shee atakuwa nayo chini ya tumbo, karibu na kinena, maana hapo ndipo hupandikizwa, na zile zake mbovu kwa kawaida huachwa pale zilipo. Muda wote figo hiyo itakapokuwa ikifanya kazi, itambidi ameze dawa za kuuzuia mwili wake usiikatae. Nawe unamjua nduguyo kwa dawa. Zile za presha mama yako alikuwa akimfuata nazo mpaka gatini. Akizembea figo ikafa, utaweza kunyamaza? Na isipokuwa uzembe, ikakataliwa tu, kama inavyowatokea wengine waliofuata kila walichoambiwa? Kitu ulichokitoa kisha ukakifuata, hukukitoa.

Hata hivyo nafsi yangu hunijibu. Ami alinisimanga, ni kweli, lakini nilikuwa hai wa kusimangwa, na bila minazi yake wewe usingezaliwa. Shee naye anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne hivi, na akirudi huwa hana nguvu hata ya kuitikia salamu vizuri. Nimesoma habari za pacha wa Marekani, Ronald Herrick, aliyempa mwenzake Richard figo mjini Boston mwezi wa Desemba 1954. Richard aliishi miaka minane zaidi, akaoa na kupata watoto; Ronald mwenyewe aliishi mpaka mwaka 2010. Figo inayobaki hukua kidogo na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenziwe. Nikifika hapo, neno "mpe" huwa liko ulimini.

Kisha nakumbuka kwamba presha iliyozila figo za Shee ndiyo iliyokuwa ya bibi yenu, na haijulikani nani mwingine ameirithi. Nawe bado unataka kuzaa. Mwanamke aliyetoa figo huzaa, lakini hatari ya presha ya mimba kwake huongezeka. Watafiti wa Marekani walikuta kwamba katika kila watoaji 10,000 wa kati ya mwaka 1994 na 2009, takriban 3 walifariki ndani ya siku 90 baada ya kupasuliwa. Daktari atakwambia ni wachache, na atakuwa amesema kweli, lakini mimi sina Mwanaesha elfu kumi.

Kwa hiyo usinitake niseme "mpe", kwa sababu wewe ni mwanangu, wala "usimpe", kwa sababu Shee naye ni mwanangu. Radhi zangu unazo kwa lolote kati ya hayo mawili. Hilo nimelijibu kama ulivyoliuliza. Lililobaki sitalisema, ingawa linaniwasha.

Utakapokwenda kupimwa, omba daktari akuhoji peke yako, bila mimi, bila Shee na bila mume wako. Unaweza kubadili nia hata asubuhi ya upasuaji, na hakuna mwenye haki ya kukuuliza sababu. Ukiona huwezi, usimpigie Shee simu. Nitapanda mashua mpaka Mokowe, nichukue basi la Mombasa, nimwambie mimi mwenyewe.

Baba yako