Wavae, lakini msijipambe

"Yaya, dada yangu, na mimi nataka kujipiga picha kama zile zako, lakini mama anasema watu watanichukulia vibaya." Ujumbe huo umenifikia juzi kutoka kwa binti wa Katuba, hapa Lubumbashi, na si wa kwanza. Basi nawajibu wote pamoja, ninyi mnaotaka picha zenu zitundikwe ukutani.

Tangu maonyesho yale ya picha zangu, ninazojipiga nikiwa nimejigeuza mtu mwingine, kila mtu ananitajia Mamba Muntu wangu. Mnamjua: nusu mwanamke nusu samaki, ambaye wachoraji wetu wa Lubumbashi walimchora bila kuchoka miaka ya 1970, hadi akawa mgeni wa kudumu kwenye sebule za watu. Mweupe, nywele ndefu, saa mkononi, nyoka kando. Humpa mwanaume utajiri, na mwanaume akishindwa kutunza siri, anaangamia. Wa kulaumiwa? Mwanamke, nani tena.

Nikamvaa. Wigi hadi kiunoni, kikwembe kimebana miguu yote miwili, saa ya marehemu shangazi. Nyoka nilimshona kwa soksi kuukuu. Uso niliuacha wangu, mweusi, wenye usingizi, na rimoti ya kamera iko kiganjani, waziwazi, ili kila mtu aone nani anabonyeza.

Bwana mmoja wa suti akasimama mbele ya picha, akaniuliza kama ni mume wangu aliyenipiga. Nikamwonyesha rimoti. Akacheka, akauliza tena. Linaniuma hadi leo, siwafichi.

Mchezo huu wa kujigeuza na kujipiga picha nimeukuta. Cindy Sherman, mpiga picha Mmarekani, alianza mfululizo wake wa picha New York mwaka 1977, akijigeuza wanawake wa sinema ambazo hazikuwahi kutengenezwa. Samuel Fosso, mpiga picha pia, alifungua studio yake Bangui, Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13, na filamu ya kamera iliyobaki baada ya wateja akaimalizia kwa kujipiga mwenyewe. Mnaolalamika hamna vifaa, rudini msome hapo.

Vifaa ni trepie (ile miguu mitatu ya kamera), dirisha na ufagio. Simamisha ufagio pale utakapokaa, lenga mpini wake, zuia lenzi isilenge upya, weka kamera ijipige baada ya sekunde 10, kimbia. Umeme ukikatika, dirisha halikatiki.

Kazi iko kwenye mwili. Nenda soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi si ile nchi, umtazame mama wa makaa: anahesabu noti bila kuziangalia, goti moja limechungulia nje ya kikwembe, macho yako kwa mteja wa jirani. Ukivaa kilemba chake tu ukasimama kama bibi harusi, umemfanyia mzaha, na huna tofauti na wanaotucheka.

Na acheni kujipamba! Ukitoka mrembo katika kila picha, umewapa kilekile walichokuja kukitafuta. Filta za kulainisha ngozi, futa. Dada zangu, tumezoea kungoja ruhusa ya kaka, ya mchumba, ya mchungaji, hata ya jirani ambaye hatulishi. Acheni kujipamba, nasema tena, hasa ninyi wa vyuo.

Wakitaka maelezo chini ya picha, usiandike. Zile za Sherman hazina majina, zina namba tu. Zangu pia zina namba, na bei iko nyuma, kwa dola. Punguzo msiniulize.