Mama mkwe amesusa bada ya mgahawani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam. Mtaani kwetu kijana mmoja amefungua mgahawa kwenye nyumba ya marehemu babu yake. Meza ziko uani chini ya mwembe na hakuna menyu. Unakaa, unaletewa alichopika siku hiyo, sahani sita moja baada ya nyingine. Vyakula ni vya kwetu lakini kavigeuza. Kisamvu kakisaga kikawa mchuzi mzito, samaki kalazwa juu yake. Wali wa nazi kauviringa na pweza ndani, kisha kaukaanga. Mimi na mume wangu ni wateja wake wa kudumu.

Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga tukampeleka. Akaomba maji ya kunawa, mhudumu akamletea kitambaa chenye unyevu. Sahani ya tatu ikawa bada, ule ugali wa muhogo, vipande vitatu vya ukubwa wa kiberiti, vimechomwa, juu vina papa aliyechambuliwa na achari ya embe. Mama akauliza, "Hii si bada?" Nikasema ndiyo. Akaisukuma pembeni na hakugusa kitu tena mpaka ilipokuja askrimu ya ubuyu. Hiyo aliimaliza, akauliza mbegu wamezitoaje. Tukalipa 190,000.

Tulipofika nyumbani mume wangu akasema nimemdhalilisha mama yake. Sasa mawifi wanaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba nimemlisha mama yao chakula cha njaa kwa bei ya mbuzi. Kosa langu ni lipi, kama si kwamba mama hapendi vitu vipya?

Mkwe wa Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Hilo la kwamba mama hapendi vitu vipya lifute. Mtu asiyependa vipya hamalizi askrimu ya ubuyu, na hata akiimaliza kwa adabu, haulizi habari za mbegu. Mkweo alikaa pale na udadisi wake wote. Alichokisusa ni bada, na wewe mwenyewe umeniandikia hivyo bila kujua kwamba umeshajijibu.

Bada kwa mtu wa Tanga haina ubaya wowote. Ni makopa ya muhogo yaliyotwangwa yakachekechwa, ikasongwa, ikaliwa na papa au dagaa wa nazi, kwa mkono. Watu wanaikumbuka wakiwa ugenini mpaka wanaumwa. Lakini ni chakula cha wenye nyumba. Mgeni anapikiwa pilau au wali wa nazi, na kama kuna jogoo, siku zake zimekwisha. Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walau walimpa hizo mbili. Wewe umempa jembe jioni ya kwanza, tena kwa kisu na uma.

Kuna na jingine. Hukunitajia umri wake, ila kama kashapita sitini, basi miaka ya 1974 na 1975 alikuwa na akili zake timamu, ukame ulipokausha mashamba na nchi ikaishi kwa nafaka ya kutoka nje. Tena baada ya vita vya Kagera, miaka ya mwanzo ya 1980, huenda alikuwa miongoni mwa kina mama wanaopanga foleni dukani kwa sabuni na sukari, na unga ukipatikana ni ule wa mahindi ya njano tuliouita Yanga. Muhogo ndio uliovusha nyumba nyingi. Tangu enzi za mkoloni watu walikuwa wakiamriwa kuupanda uwe akiba ya njaa. Sasa mchukue mama aliyewahi kusonga bada kwa sababu debe la mchele lilikuwa tupu, mkalishe chini ya mwembe, umletee ileile bada vipande vitatu, halafu aone mwanawe anahesabu noti za elfu kumi. Hilo neno "chakula cha njaa" nina hakika mawifi zako hawakulitunga. Wamelisikia kwa mama yao.

Na mumeo naye kalisikia tangu utotoni. Ndiyo maana namshangaa. Ni mteja kama wewe, bada ile kashaila, na mama ni wa kwake. Alikuwa na nafasi ya kukunong'oneza "hapa mama hatapapenda" kabla hamjavaa viatu. Mwambie hivyo, lakini kwa upole na akiwa ameshiba. Lawama hii mbebe wawili.

Kijana wa mgahawa simlaumu kwa kugeuza vyakula. Muhogo wenyewe ulikuja na meli za Wareno kutoka Amerika, na mahindi na pilipili vilevile, na chipsi mayai hakuna bibi yeyote aliyeachiwa na bibi yake. Kila kitu tunachokiita cha asili kuna siku kilimkera mzee fulani. (Usithubutu kumwambia mkweo maneno haya. Hayo ni yangu na wewe.) Namlaumu kwa kitambaa. Mtu mzima wa pwani akiomba maji ya kunawa, analetewa birika na beseni, anamiminiwa. Angepewa maji, wewe ungesimama ummiminie kama mkwe anavyotakiwa, na nusu ya uchungu wa bada ungepungua kabla bada haijafika. Mpitie huyo kijana umwambie. Mpishi aliyeamua kutokuwa na menyu kajitwika kazi ya mwenyeji, na mwenyeji huuliza nani anakuja. Kwenye hoteli kubwa za mjini ningesema usijisumbue, ila huyu ni wa mtaani, unakutana naye gengeni akichagua nyanya. Ungempigia mchana ukasema "leo nakuja na mama mkwe wangu, ni wa Tanga, bada iondoe," angeweka kitu kingine.

Basi kosa lako ni hilo. Uliacha mtu mwingine ampangie mkweo chakula, na hukumwuliza mwenyewe.

Mpigie simu. Usimwandikie ujumbe na usimtume mumeo. Msalimie mpaka salamu ziishe, uulize mguu, uulize kuku, uulize majirani. Kisha sema: "Mama, siku ile nilikupeleka kula bila kukuuliza unapenda nini. Nisamehe." Ukomee hapo. Usieleze kwamba yule kijana ni fundi, usieleze bei, usitaje askrimu. Akisema yamekwisha, muulize bada ya miaka ile walikuwa wanaipikaje na walipata wapi kitoweo, halafu unyamaze. Akiongea nusu saa, salio liishe. Akikata mapema, usijitie unyonge, mpigie tena wiki inayofuata kwa jambo lingine kabisa.

Akija tena, pika wewe, nyumbani kwako, wali wa nazi na kuku wa kienyeji, na yeye ndiye ale kwanza. Ya mgahawa yaache mpaka ayaulize mwenyewe. Mimi nadhani atayauliza, ile askrimu imemkaa.

Kwenye kundi la WhatsApp usijibu neno, hata lile la mbuzi. Mumeo ndiye awaandikie dada zake kwamba tulikwenda wote na bili nililipa mimi. Na kama hizo 190,000 mlizitoa kwenye ada ya watoto, hiyo ni barua nyingine, niandikie.

Shangazi