Kabla ya Kununua Shokapu: Kwa Mafundi Vijana na Madereva wa Njia za Mchanga Dodoma

Vijana, tukae tuzungumze. Tangu kiangazi hiki kianze zinaingia gereji pikipiki zenye ugonjwa mmoja. Shokapu za nyuma ni mpya zinang'aa, springi imepandishwa hadi ngazi ya mwisho (zile ngazi za ringi inayoibana springi), na mwenye nayo anashuka ameshika kiuno. Hela imekwenda na pikipiki imekuwa mbaya kuliko mwanzo. Aliyezifunga ni fundi kijana mwenye mkono mzuri, tena mwenye bidii, ila hakumwuliza mteja maswali mawili: unabeba nini, na unapita wapi?

Maswali hayo ndiyo kazi yenyewe. Dereva wa Nkuhungu anayeshinda kwenye lami na abiria mmoja hahitaji shokapu za mwenzake anayetoa mahindi Kibaigwa. Anayepanda mawe ya Mpwapwa hana shida sawa na anayevuka makorongo ya Mvumi. Anayekwenda Bahi wakati wa mvua anapambana na udongo wa mbuga unaojaa kwenye madigadi hadi tairi linagoma kuzunguka, na hapo hakuna shokapu itakayomsaidia. Nazungumzia pikipiki tunazozijua sote, za cc 125 hadi 150, zenye shokapu mbili nyuma. Wenye zile ndefu za shokapu moja, mengi yanawahusu pia.

1. Springi inabeba, mafuta yanatuliza.

Hizi ni kazi mbili, na mnazichanganya kila siku. Dukani mnaikandamiza shokapu kwa mkono, mkiona haishuki mnasema "hii ndiyo yenyewe". Mkono haujui gunia. Ukitaka kujua kama mafuta ya ndani bado yanafanya kazi, ipime ikiwa imefungwa. Kandamiza kiti kwa nguvu, uachie. Inatakiwa ipande mara moja na kutulia. Ikidunda mara mbili tatu, mafuta yamekwisha kazi hata kama springi ni nzima. Pikipiki ya namna hiyo ikipiga shimo inamrusha dereva, naye anarudi kwako kuomba springi ngumu zaidi. Ukimpa, anarushwa juu zaidi, maana springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi na hakuna kitu cha kuizuia.

2. Kuipandisha springi ngazi hakuifanyi iwe ngumu.

Hapa nabishana na watu hata wenye miaka mingi kazini. Chukua springi inayoshuka sentimita 1 kwa kila kilo 20. Ipandishe hadi ngazi ya mwisho, bado itashuka sentimita 1 kwa kila kilo 20 ikishaanza kushuka. Ulichobadilisha ni pale inapoanzia. Kiti kinakaa juu kidogo, basi. Kwa mzigo wa wastani hiyo inatosha na ndiyo maana ngazi zimewekwa. Lakini mtu anayefunga lumbesa kila siku hawezi kuponywa na ngazi, anahitaji springi nyingine. Na ukimwachia ngazi ya mwisho, akishusha mzigo na kurudi mtupu, shokapu inakaa imenyooka hadi mwisho. Tairi likikutana na kashimo halina pa kushukia, linaachia ardhi, na kwenye kona ya vumbi kuachia ardhi ni kuanguka.

3. Pima, usikisie.

Kamba ya kupimia nguo inatosha. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, tairi la nyuma lining'inie. Pima kutoka kwenye nati ya ekseli kwenda juu hadi alama uliyoweka kwenye fremu chini ya kiti. Kisha ishushe, mwenyewe apande na mzigo wake wa kila siku, upime tena palepale. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo kiasi inachokaa. Ikikaa karibu theluthi moja ya mwendo wote wa tairi la nyuma, yaani umbali linaoweza kupanda kutoka kuning'inia hadi mwisho, springi inamfaa. Ikikaa nusu au zaidi, springi imechoka au ni laini kwa kazi yake. Ikikaa kidogo sana, ni ngumu mno. Mwambieni mteja aje na mzigo gereji. Watacheka vijiweni mkimtaka mtu aje na gunia la mahindi, waacheni wacheke.

4. Urefu wa shokapu si jambo la kuchezea.

Hapa nitakaa, maana nikiona shokapu ndefu kuliko za pikipiki yenyewe namkumbuka mama mmoja ambaye hakuwa na kosa lolote.

Kulikuwa na kijana niliyekuwa namfundisha kazi. Leo ana gereji yake na ni fundi ninayemwamini. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kufuata spea, akaja dereva wa boda wa upande wa Mvumi. Akasema, "Fundi, inyanyue kidogo, bomba linagusa chini kwenye makorongo." Kijana akataka kumfurahisha. Akatafuta shokapu zilizozidi zile za asili kama sentimita 4, matundu yakakaa sawa, bolti zikaingia, akafunga. Cheni ikaonekana imelegea, akaikaza pikipiki ikiwa juu ya stendi kama alivyozoea. Dereva akapanda, akajiona mrefu kuliko wenzake, akalipa na kuondoka anapiga honi.

Tazameni kilichotokea ndani ya pikipiki ile. Nyuma ilipopanda, pikipiki nzima iliinamia mbele. Shokapu za mbele, ambazo kwa kawaida zimelala kidogo, zikasimama zaidi. Kule kulala ndiko kunakoirudisha hendeli katikati yenyewe unapokwenda. Ukikupunguza, hendeli inakuwa nyepesi na yenye wasiwasi. Tena uzito umehamia tairi la mbele. Kwenye lami dereva anasema pikipiki imekuwa nyepesi kugeuka, anafurahi. Kwenye mchanga tairi la mbele lenye uzito linazama, hendeli isiyojirudisha inageukia upande wowote mchanga unaotaka.

Dalili zilikuwepo kabla hajatoka getini. Stendi ya katikati ilikuwa hailinyanyui tena tairi vizuri, na stendi ya pembeni iliilaza pikipiki kupita kiasi. Mambo hayo mawili peke yake yangetosha kumwambia kijana kwamba kipimo kimepotea. Hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Dereva alimpakia mama aliyekuwa anarudi nyumbani kutoka gulioni. Walipoingia kwenye mchanga wa korongo, tairi la mbele likachimba, hendeli ikakata, wakaenda chini. Dereva alivunjika mfupa wa bega. Mama aliangukiwa na pikipiki, bomba la moshi likamlalia kwenye shavu la mguu, na kabla watu hawajafika kuinyanyua lilikuwa limemuunguza vibaya. Wengi wenu mmeliona kovu la bomba kwenye miguu ya abiria, mnajua lilivyo. La kwake lilikuwa kubwa kuliko yote niliyowahi kuona.

Pikipiki ililetwa kwangu kwenye guta. Nikamwita kijana tukaipima pamoja, kimya kimya. Hapo ndipo tukaona na jambo la pili. Cheni aliyoikaza juu ya stendi ilikuwa imekaza kupita kiasi pikipiki ilipobeba watu wawili. Sababu ni hii: mkono wa nyuma unaoshika tairi unapanda na kushuka, na cheni inavutwa zaidi pale sproketi ndogo, bolti ya mkono na ekseli zinapokuwa mstari mmoja. Shokapu ndefu inausukuma mkono chini, mbali na mstari huo. Ukikaza cheni hapo ikaonekana sawa, mzigo ukikaa mkono unapanda kuufuata mstari, cheni inavutika kama uzi wa gitaa na kuanza kuvuta shafti ya gia. Ya yule dereva ilikuwa imeshaanza kuvujisha oili nyuma ya sproketi ndogo.

Tukafunga shokapu zake za zamani ili tupime hali ilivyokuwa kabla. Dereva peke yake, bila abiria, ilikuwa inakaa nusu ya mwendo. Springi zilikuwa zimechoka. Bomba lilikuwa linagusa chini kwa sababu hiyo tu. Dawa yake ilikuwa shokapu za urefu uleule wa asili zenye springi nzima inayobeba uzito wake. Kazi ya saa moja. Hakuna aliyehitaji kuvunjika mfupa.

Kijana alitaka kuacha ufundi. Nilikataa. Nilimwambia achukue sukari na sabuni, tukaenda wote kumpa pole yule mama, akaambiwa ukweli kwamba kosa lilifanyika gereji. Mama alimwuliza, "Mwanangu, sasa umeshajua?" Akajibu, "Ndiyo mama." Akamwambia basi rudi kazini. Tangu siku ile sijawahi kumwona akifunga shokapu bila kuzilaza mbili sambamba kwanza, ya zamani na mpya, akapima kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Nanyi mfanye hivyo.

5. Mbele nako kuna kazi.

Wengi hamgusi shokapu za mbele mpaka sili, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje, ipasuke. Kisha mnamimina mafuta ya injini yaliyobaki kwenye chupa, 20W-50, kwa makisio ya jicho. Mafuta mazito yanaichelewesha shokapu kurudi. Kwenye barabara ya vumbi iliyofanya mawimbi, ile ya Bahi kiangazi kwa mfano, tairi linapiga wimbi la kwanza, shokapu inashuka. Kabla haijarudi limefika la pili, inashuka zaidi, na la tatu vilevile. Baada ya muda imebaki chini, haina mwendo, na mikono ya dereva inakufa ganzi. Atakwambia springi za mbele ni ngumu. Si springi, ni mafuta uliyoweka wewe. Tumia mafuta ya shokapu ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na kipimo kiwe sawasawa kulia na kushoto. Usizidishe: hewa iliyo juu ya mafuta inahitaji nafasi ya kubanwa, ukiijaza, sili mpya itapasuka wiki hiyohiyo.

Kabla ya kulaumu shokapu za mbele, tikisa shingo ya hendeli uone kama gololi zimeisha.

Sili inayovuja kidogo wakati mwingine ina chembe ya mchanga tu. Ingiza kipande chembamba cha plastiki laini chini ya mdomo wake, uzungushe, uitoe, kabla hujamwuzia mtu sili mpya.

6. Mchanga wenyewe.

Mchanga wa makorongo yetu, hasa kuelekea Kondoa, umetoka mlimani. Vilima vile viliharibiwa na mmomonyoko hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoathirika zaidi. Udongo uliokwisha kuteremka haukurudi juu. Uko mabondeni, na kila masika maji yanaupanga upya, kwa hiyo njia uliyopita salama mwaka jana usiiamini mwaka huu.

Kwa njia hizo nyuma ikae chini kidogo kuliko unavyoiweka kwa lami, mbele ibaki nyepesi. Dereva ajivute nyuma kwenye kiti, gia iwe ya chini, moto usikatwe katikati ya mchanga. Kupunguza upepo wa tairi kunasaidia, ila kwa tairi lenye tyubu usipunguze sana. Tairi litateleza kwenye ringi, litavuta tyubu na kung'oa valvu, na miiba ya huku haihitaji msaada wako kukupa pancha.

7. Haya machache, bila maelezo.

Shokapu za nyuma zibadilishwe mbili kwa pamoja, kamwe moja.

Ngazi ya kulia na ya kushoto ziwe sawa.

Shokapu yenye gesi usiichomelee wala kuipasha moto, italipuka usoni mwako.

Bushi za mkono wa nyuma zikiwa zimelegea, shokapu ya bei yoyote ni hela iliyotupwa.

Shokapu ya dukani iliyopakwa rangi upya, ifute fimbo yake kwa kidole. Ukihisi mikwaruzo, irudishe.

Cheni ikazwe mtu akiwa amekaa juu ya pikipiki, ukitafuta pale inapokaza zaidi, na palepale ubakize ulegevu kidogo.

8. Baada ya kufunga.

Usimkabidhi mteja funguo hapohapo. Panda wewe kwanza, kisha mpande wawili, mwende mahali penye matuta na penye vumbi, mrudi. Gusa shokapu zote mbili kwa mkono: moja ikiwa ya moto na nyingine baridi, ile ya baridi haifanyi kazi. Kaza bolti upya. Andika kwenye daftari urefu, ngazi uliyoweka na kiasi ilichokaa na mzigo. Mwambie arudi baada ya safari ya kwanza ya shamba, bila malipo, uikaze tena na kuipima. Springi mpya hushuka kidogo mwanzoni, na kile kipimo cha pili ndicho utakachomwekea hadi masika.