Kabla Hujagusa Msimbo wa Emuleta, Iulize Mashine Yenyewe

Juma lililopita msomaji mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliniandikia akitaka kujua aanzie wapi ili mchango wake upokelewe katika emuleta (programu inayoiga mashine nyingine, kama ya gemu) ya programu huria. Swali lake limenikuta katika wakati mwema, kwani mwezi uliopita mabadiliko yangu kuhusu skrini ya Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, yalikubaliwa baada ya kuyahangaikia kwa miezi mitano, na usiku ule nililisoma jina langu katika orodha ya wachangiaji mara kadhaa kabla ya kulala.

Mara ya kwanza haikuwa hivyo. Miaka mitatu iliyopita niliona kwamba katika gemu moja ukanda wa alama ulikuwa ukitetemeka. Game Boy hupitia mistari 154 kwa kila picha ya skrini, ambayo 144 tu ndiyo huonekana, na kila mstari huchukua mizunguko 456 ya saa, yaani mapigo yanayoongoza kazi za mashine. Niliongeza mizunguko 12 katika hatua ya kuchora kila mstari, mtetemo ukakoma, nikatuma kazi yangu kwa furaha. Baada ya siku mbili msimamizi wa mradi aliiondoa, akaandika mbele ya wote kwamba nilikuwa nimebahatisha na kwamba gemu nyingine mbili zimeharibika. Maneno yale yaliniuma, na hadi leo hayajanitoka, kwa sababu angeweza kunielekeza bila kunidhalilisha. Lakini kuhusu msimbo alisema kweli.

Nilikaa kando mwaka mzima. Niliporudi nilinunua Game Boy kuukuu na katriji inayoweza kuandikwa upya, nikatunga programu fupi iliyoweka picha ndogo moja, kama zile za wahusika wa gemu, katika mstari, kisha mbili, hadi kumi, ambacho ndicho kikomo cha mashine ile, huku ikipima muda wa kuchora. Namba zilipojipanga kwenye kile kioo cha kijani, kosa langu lilikuwa wazi: hatua ile haina urefu mmoja. Huanzia takriban mizunguko 172 na kurefuka kadiri picha ndogo zinavyoongezeka, na hata kusogezwa kwa mandhari ya nyuma huirefusha. Mizunguko yangu 12 ilifaa mistari michache ya gemu moja, basi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ipime mashine halisi kwanza. Usitume rekebisho kwa sababu tu gemu uipendayo imetulia, wala usikimbilie jina. Wengi wetu tunaitaka sifa ya kutengeneza emuleta kabla ya kuvumilia jioni ishirini za kupima. Pima, andika ulichokiona, kisha pima tena. Ukikemewa hadharani, tenganisha ukali wa maneno na ukweli uliomo ndani yake, kwa kuwa ukweli huo utakufaa hata kama aliyeutamka hakukutendea vema.

Programu yangu ya kupima sasa imo ndani ya mradi, na kila badiliko jipya la skrini, likiwemo la yule msimamizi, halipokelewi mpaka lifaulu jaribio lake.