AC ya dirishani imekufa? Usianze na nyundo

Maswali kuhusu AC za dirishani zinazong'olewa na kuuzwa mbovu yamekuwa mengi, kwa hiyo leo nayajibu kwa pamoja.

Fundi shikamoo. Nimenunua AC mbovu kutoka ofisi moja hapa Mwanga. Nitajuaje vilivyomo? (Kijana, Mwanga, Kigoma)

Marahaba. Kabla ya bisibisi, tafuta kibati cha maelezo. Mara nyingi kipo ubavuni au nyuma ya kava la mbele. Kifute taratibu, maandishi yasije yakaondoka. Soma umeme wake, aina ya gesi na uzito wa gesi hiyo. Ukikuta 220–240 V na 50 Hz, ni umeme wetu. Ukikuta 115 V na 60 Hz, ilitengenezwa kwa soko kama la Marekani. Mota na kompresa yake ukivichomeka kwenye soketi ya nyumbani vitaungua.

Ukifungua, upande wa chumbani kuna koili ya baridi na feni ya ngoma. Upande wa nje kuna koili ya joto, feni ya mapanga na kompresa. Feni zote mbili zinazungushwa na mota moja yenye shafti inayotokeza pande zote. Mapanga ya nje mara nyingi yamezungukwa na pete. Usidhani ni kava lililovunjika: inachota maji yaliyojikusanya kwenye trei na kuyarushia koili ya joto ipoe haraka. Ni ubunifu ninaoupenda mpaka leo.

Kuna kopo la bati lenye miguu mitatu. Jirani anasema linapiga shoti hata AC ikiwa haijachomekwa. Kweli? (Ujiji)

Kweli. Hiyo ni kapasita, na inaweza kubaki na chaji. Watu huigusisha miguu kwa bisibisi mpaka cheche iruke. Acha mchezo huo. Chukua balbu ya zamani ya waya, ya 220 V, uifunge kwenye holda yenye nyaya mbili zilizofunikwa vizuri. Gusisha kati ya miguu iliyoandikwa C na HERM kwa sekunde chache, kisha C na FAN. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Halafu hakikisha kwa mita, upande wa volti za DC, kwamba imeisha.

Mguu wa HERM ni wa kompresa, FAN ni wa feni, na C ni wa pamoja. Ubavuni pameandikwa mfano 35+5 µF: namba kubwa ni ya kompresa. Kama mita yako inapima kapasita na ile ya 35 inasoma 28, imechoka. Ikiwa imevimba kichwani, usipoteze muda kuipima.

Kijana wangu anataka kukata bomba gesi itoke, halafu achomoe koili kwa moto. Nimruhusu? (Baba, Gungu)

Hapana, mzee wangu. Nyingi za zamani zina R-22, gesi inayochemka kwenye nyuzi 41 chini ya sifuri. Ikimrukia mkononi inaunguza kwa baridi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo kwenye chumba kilichofungwa inakaa chini na kusukuma hewa ya kupumulia. Ikikutana na moto wa kuchomelea inageuka mvuke wa asidi unaokata koo. Tena inaharibu tabaka la ozoni, ndiyo maana imo kwenye mkataba wa Montreal wa 1987 wa kuziondoa gesi za namna hiyo. Kwa kawaida AC hizi hazina vali ya kujazia, kwa hiyo mwite fundi friji mwenye vali ya kutoboa bomba, mashine ya kuvuta gesi na mtungi wake. Kibati kikisema R-290, hiyo ni propani. Inawaka, basi sigara na jiko vikae mbali kabisa.

Kompresa ina pini tatu zisizo na maandishi. Nizitambueje? (Fundi mwanafunzi, Tabora)

Pima omu kwa jozi zote tatu. Tuseme 1 na 2 inasoma 5, 1 na 3 inasoma 2, 2 na 3 inasoma 7. Jozi yenye namba kubwa ni S (ya kuanzishia) na R (ya kuendeshea), kwa hiyo pini iliyobaki, yaani 1, ndiyo C (ya pamoja). Kutoka C, yenye omu nyingi ni S, yenye chache ni R. Kisha kwangua rangi kidogo kwenye mwili wa kompresa, upime kila pini na mwili: mita isisome chochote. Ikisoma, hiyo ni ya skrepa.

Angalizo moja: ukipata S na R inasoma lakini C haisomi na yeyote, usiitupe hapo hapo. Huenda swichi ya joto iliyo ndani imejikata. Iache kivulini ipoe, hata saa kadhaa, kisha pima tena.

Masika dagaa wangu hawakauki. Feni ya AC itanisaidia? (Mama, Kibirizi)

Itasaidia kupitisha hewa, mama, hasa ile feni ya ngoma. Mwambie fundi aichukue mota pamoja na kapasita yake na swichi ya spidi. Bila kapasita itanguruma tu bila kuzunguka. Ifungwe juu mbali na maji, iwe na wavu wa kuzuia vidole na waya wa ethi. Dagaa wawe kwenye chanja, hewa ipite chini na juu.

Kompresa inaweza kujaza upepo tairi? (Isevya, Tabora)

Inasukuma, ndiyo. Lakini inatema mafuta, inapata joto kali, na haina vali ya usalama. Sishauri.

Nipeleke nzima kwa wanunuzi wa skrepa au niichambue? (Ujiji)

Ichambue, gesi ikishatolewa. Kopa safi ina bei kuliko koili iliyoshikana na mapezi ya alumini, na kibao cha chuma hakiongezi kitu. Mota, themostati na swichi usivitupe kwenye kilo. Fundi friji atavinunua kama spea. Kompresa ikipita vile vipimo nilivyompa mwenzako wa Tabora, muulize kwanza fundi. Ikifeli, mwaga mafuta yake kwenye kidumu, usiyaelekeze mtaroni maana mitaro yetu inaishia ziwani.