Pua ya Mbu na Ubishi wa Vijana

SWALI: Huku Ahero mbu wa mashamba ya mpunga hutufuata gizani kama wanaotujua kwa majina. Kijana mmoja kanisani alidai kwamba harufu na kinachoinasa havingeweza kutokea bila mbunifu, maana lazima vije pamoja. Mnasemaje? Je, mtego wa harufu hutengenezeka nyumbani?

JIBU: Hoja hiyo ingekuwa nzito kama tungetoa harufu kwa ajili ya mbu. Pumzi yetu ina kabonidayoksaidi ya kama asilimia 4, ilhali hewani imo asilimia 0.04 tu. Wanyama walipumua hivyo kabla mbu hajawako. Mbu jike huinasa gesi hiyo kwa vipapasi vilivyo kando ya mrija wa kunyonyea damu. Akikaribia, antena hushika jasho na uvundo wa miguu.

Tazama pia ndugu zake. Anopheles gambiae, mbu anayeeneza malaria, hupenda damu ya watu. Anopheles quadriannulatus wa kusini mwa Afrika, ambaye kwa macho huwezi kuwatofautisha, hupendelea ng'ombe. Pua ni ileile, uchaguzi ndio umehama. Sisi wenyewe tuna jeni takriban 400 za vipokezi vya harufu zinazofanya kazi, na zaidi ya 400 zilizoharibika ambazo bado tunarithishana. Hayo ni mabaki ya ukoo, na kwetu ushahidi unaelemea mageuko, yaani viumbe kubadilika polepole kizazi hadi kizazi. Kama Mungu yuko nyuma ya ukoo huo, antena ya mbu haisemi. Hilo mpelekeeni mchungaji.

Sasa mtego. Koroga gramu 250 za sukari na gramu 17.5 za hamira kavu katika lita 2.5 za maji vuguvugu. Hamira ikila sukari hutoa gesi ileile ya pumzi. Maji moto huua hamira. Tumia mtungi wa lita 5, povu lisipande mpirani. Pitisha mpira mwembamba kwenye kifuniko hadi kwenye feni ya volti 12 inayovutia mbu ndani ya mfuko wa neti. Bila feni watakuja na kuondoka. Ziba kifuniko vizuri, kwani hapo ndipo gesi hupotelea. Weka na soksi ya nailoni iliyovaliwa kutwa, maana gesi peke yake haimwambii mbu kwamba hapa pana mtu. Ning'iniza nje, mdomo wa mtego ukiwa sentimita 30 kutoka ardhini, na ubadilishe mchanganyiko kila jioni.

Kisiwani Rusinga, katika Ziwa Victoria, nyumba zenye mitego ya harufu inayotumia sola zilikuwa na malaria pungufu kwa asilimia 29.8, na wenyewe bado walilala ndani ya neti.